Miaka Sita ya Kushika Kioo

Uvumilivu wangu uliisha siku ya Jumatano, kama saa nne asubuhi, pale karakanani Ilomba, Mbeya, mbele ya wateja wawili na skrini ya shule iliyokuwa imefunguliwa mgongo.

Fundi alikuwa ameweka fomu mbili mezani, yangu na ya Vumilia, mwanafunzi mwenzangu. Ni fomu za chuo cha ufundi, kwa watu kama sisi tuliojifunzia kazi mtaani na tunaotaka kupimwa tupewe cheti. Zina vyumba vinane. Kila chumba kina ujuzi mmoja, na fundi aliyekulea anasaini pale anapothibitisha unauweza. Ukiwa na saini nane unapimwa kama fundi. Ikipungua hata moja unapimwa kama msaidizi, na msaidizi hawezi kufungua karakana yake mwenyewe. Atabaki chini ya mtu mpaka azeeke.

Vumilia alikuwa na miezi minane pale. Fundi akasaini vyumba vyake vyote, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemwagilia mboga. Akaja kwenye yangu. Mimi nilikuwa na miaka sita. Akasaini vyumba sita. Kwenye cha saba, kile cha umeme mkubwa, akachora mstari. Kwenye cha nane, cha kupanga muda wa picha na maandishi kwa kutumia skopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme, akachora mstari mwingine. Mistari mizuri, imenyooka, kama kila kitu chake.

"Hii nini, Fundi?"

"Mstari, Mama Atu."

"Naona ni mstari. Nauliza ni nini."

"Sijakuona ukifanya hizo mbili. Sisaini nisichokiona."

Mkononi nilikuwa na kitambaa cha kufutia skrini, kimelowa spiriti. Nilikirusha. Sikulenga popote, lakini kilimpata kifuani, kikabaki kimemning'inia kwenye kifungo cha shati. Halafu nikamwita jina lake. Lile la kwenye kitambulisho, ambalo hata mke wake halitumii. Mke wake naye anamwita Fundi. Wateja wakaangalia viatu vyao. Vumilia akaziba mdomo.

"Wewe mzee una roho mbaya," nikamwambia, "na roho yako mbaya ina mwandiko mzuri."

Nikachukua fomu yangu na mkoba wangu, nikaondoka. Sijarudi.

Sasa namwandika alivyo, mazuri na mabaya, kwa sababu mtaani wanasema nimemwonea mzee wa watu. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo wataandika watoto wake. Mimi naandika niliyoyaona kwa macho yangu, maana yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka mambo yawe.

Fundi anatengeneza skrini. Ukimpelekea pasi atakuambia upande wa pili wa barabara kuna kijana. Ukimpelekea simu atakuangalia kama umemletea kuku mgonjwa. Ni skrini tu, na hasa zile za kichogo, nene zenye mgongo mrefu nyuma, ambazo watu wengi wanadhani zilishakufa. Hazijafa. Zipo kwenye maabara za shule zilizopewa kompyuta za msaada, zipo viwandani kwenye mitambo ya zamani isiyokubali skrini nyembamba. Zote hizo, kuanzia Mbeya mpaka Iringa mjini, zikianza kufifia zinakuja Ilomba.

Watu wanadhani picha ya kwenye skrini imekaa pale kama picha ya ukutani. Haijakaa. Inachorwa mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kasi ambayo jicho linadanganyika. Na yale maandishi yanayotokea ukibonyeza kitufe cha menyu, ya kuongeza mwanga au kubadilisha rangi, hayatoki kwenye kompyuta. Yanatoka ndani ya skrini yenyewe, yanapachikwa juu ya picha wakati inachorwa. Lazima yaingie kwa wakati wake. Yakiwahi, yanakaa kushoto mno. Yakichelewa, yanakwenda kulia. Yakiyumba, yanatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Ukitaka picha iliyofifia iwe kali tena, herufi zipate ukingo, unaipitisha kwenye sakiti ya kuinoa. Inatoka kali. Lakini imetumia muda mle ndani, muda mdogo kuliko kitu chochote unachoweza kukifikiria, na inafika skrini ikiwa imechelewa. Maandishi hayakupita huko, kwa hiyo yamefika mapema. Vitu viwili vilivyokuwa pamoja vimeachana. Hapo ndipo mafundi wengine wanapomrudishia mteja skrini yake na kumwambia ajizoeze. Fundi hakubali. Anasema, "Ukimpendezesha mmoja umemchelewesha. Basi mcheleweshe na mwenzake." Anachukua skopu, anaangalia mawimbi mawili, na anazungusha kidude chenye ukubwa wa punje ya mtama mpaka mawimbi yalingane. Akimaliza anasema "Ndaga," yaani asante, kama vile skrini ndiyo iliyomsaidia.

Ni kazi nzuri kuliko zote ninazozijua. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu wapo wanaodhani nalilia karatasi.

Mtu huyu, mwenye kupanga muda mdogo namna hiyo, hajawahi kufika popote kwa wakati. Kanisani anaingia wakati wa sadaka. Anaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya Kilutheri na mwalimu wa kwaya alishazoea kuanza bila yeye, kisha ubeti wa pili unasikia nyumba inatikisika, unajua amefika. Alichelewa kwenye mazishi ya jirani yetu mpaka akakuta watu wananawa mikono, akaenda peke yake kaburini, akasimama pale muda uleule ambao angesimama kama angewahi, sisi tukimsubiri na chakula kinapoa. Nilimwuliza siku moja, "Fundi, saa huna?" Akasema anazo mbili, na zote zinakwenda sawa.

Na kukataa kusaini. Hilo nalo lilikuwepo kabla yangu. Shemeji yake aliuza kiwanja, akamwomba asaini kama shahidi. Fundi akakataa kwa sababu siku ya kupima mipaka alifika wakati watu wameshakunja kamba. Shemeji akamwambia, "Lakini si unaona kiwanja kipo?" Akajibu, "Kiwanja nakiona. Kukipima sikukuona." Hawakusalimiana mwaka mzima. Akaombwa tena kusaini ubatizo wa mtoto wa mtu wa kwaya yao, akakataa. Alifika mtoto ameshafutwa maji. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa sijui kwamba nami niko kwenye foleni.

Kazi yangu ilikuwa kushika kioo. Nieleze. Skrini ya kichogo unaitengeneza ukiwa nyuma yake, mikono yako imo mgongoni mwake, na picha iko mbele ambako huioni. Kwa hiyo mbele unaweka kioo cha kujitazamia, kikubwa, fundi anachungulia juu ya boksi anaiona picha yake kwenye kioo. Karakana nyingine wanakiegemeza kwenye kiti. Fundi alitaka kishikwe na mtu, kwa sababu kiti hakiwezi kuambiwa "inua kidogo." Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikikumbatia kifuani, uso wa kioo ukiangalia skrini, na kichwa changu juu yake.

Alichosahau ni kwamba mshika kioo ana macho. Yeye alikuwa anaiona picha imegeuzwa, kulia kushoto. Mimi nilikuwa naitazama skrini yenyewe, uso kwa uso, na juu yake naiona mikono yake, na pembeni naliona wimbi la skopu. Akigusa hiki, naona kile kinasogea. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anaviona vyote vitatu kwa wakati mmoja. Nimesoma hadi kidato cha nne na fizikia nilipata D, lakini miaka sita ya kusimama mahali pale ni shule.

Sasa mambo yake mazuri, maana nimeahidi. Nilipopata mimba ya Atupele, Fundi ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kujua baada ya mume wangu, kwa sababu nilitapikia kwenye katoni ya nyaya. Hakuuliza swali. Akachukua stuli yangu akaisogeza mlangoni, mbali na meza. Nyuma ya skrini hizo kuna kifuniko cha mpira, na chini ya kifuniko kuna umeme unaoweza kumrusha mtu mzima hata kama waya umeshachomolewa ukutani. Unabaki mle ndani umejificha. Kabla ya kugusa chochote lazima uutoe, kwa bisibisi iliyofungwa waya, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunionyesha. Akaacha. "Ukishajifungua," akasema. Mke wake akawa ananiletea uji wa ulezi kila asubuhi.

Atu alipozaliwa nikawa naenda naye. Fundi alikata katoni ya skrini, akaitandika pamba na kitenge, mtoto akalala humo chini ya meza ya mbali. Akilia, Fundi alimchukua yeye, akamweka begani, akaendelea kusoma mchoro wa sakiti kwa sauti kama anasoma Zaburi, na mtoto akanyamaza. Atu alijua kusema "skopu" kabla ya kusema "baba." Mume wangu hakufurahi.

Lakini Atu alipoacha ziwa, nikasema, "Fundi, sasa tuendelee." Akasema, "Subiri atembee." Akatembea. Akasema, "Anatembea mno huyu, subiri atulie." Sasa yuko chekechea, anavaa sare, anakwenda na kurudi. Nami bado nashika kioo. Niliposema nimechoka kusubiri, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama Atu, mtoto na umeme ule haviko nyumba moja." Nikamwambia mtoto yuko shule. Akasema, "Wewe ni mama yake hata akiwa shule."

Ukimsikia utasema huyu mzee ana huruma. Na anayo. Huruma yake imenikalia kifuani kama gunia la mahindi.

Halafu akaja Vumilia.

Alitoka Iringa, ana ngazi ya pili ya chuo, mrefu, kucha fupi, hana mtoto. Wiki ya kwanza mimi ndiye niliyemfundisha kushika solda ya kuunganishia nyaya, kwa sababu chuoni kwao walikuwa watu ishirini kwa solda moja. Nilimpenda, siwezi kudanganya. Wiki ya tatu Fundi akamwita nyuma ya skrini, akampa bisibisi yenye waya, akavuta stuli, akakaa nyuma yake na miwani juu ya paji la uso. Akamwangalia.

Sijui nieleze vipi Fundi anavyoangalia. Hasemi kitu. Hapumui kwa sauti. Anakuwa kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali. Na yule anayeangaliwa unamwona anabadilika, mabega yanashuka, mikono inakuwa na adabu. Vumilia akakosea, Fundi akatoa sauti ndogo puani, Vumilia akarudia, akapatia. Mimi nimesimama upande wa pili, nimekumbatia kioo. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwona mume wake na mwingine akaumia kuliko nilivyoumia mimi siku hiyo kwa ajili ya stuli.

Na akaanza kumsalimia kwa lugha ya kwao Iringa. Miaka sita mimi na yeye ni "Shikamoo Fundi," "Marahaba," basi. Vumilia akiingia: "Kamwene!" Yule naye anajibu "Kamwene!" wanacheka. Neno lenyewe kila mtu wa nyanda hizi analijua, dereva wa lori analijua. Lakini nilikuwa nalisikia kama kofi.

Vumilia mwenyewe si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Siku moja aliniambia, "Dada, Fundi akitoka nikuonyeshe ya umeme mkubwa?"

"Unionyeshe wewe?"

"Si nakusaidia tu, dada."

"Nilikuonyesha upande gani wa solda una moto. Usinisaidie."

Akageuka, akaendelea na kazi. Baadaye nikamsikia akipenga kamasi kule uani. Sikwenda kumbembeleza.

Niseme la Nyololo, njia ya kwenda Iringa, kwa sababu ndilo lililoujaza ule mstari kwenye fomu yangu uchungu wote.

Kuna mtu ana kiwanda cha mbao kule. Mashine yake ya kuchana magogo ni ya zamani, ilikuja imetumika. Juu ya gogo kuna kamera, na mwendeshaji anakaa mbele ya skrini ya kichogo. Skrini inaonyesha gogo, na yenyewe inachora mstari wa kijani juu ya picha: hapa ndipo msumeno utakapopita. Unasogeza gogo mpaka alama yako ilale kwenye mstari, unakata. Picha ilikuwa imefifia kwa vumbi na uzee. Fundi akamtuma Vumilia peke yake na sakiti ya kunoa. Akarudi anang'aa. Picha imekuwa kali, mpaka magamba ya msonobari unayahesabu.

Siku nne baadaye mwenye kiwanda akapiga simu. Boriti zinatoka nyembamba.

Tukaenda wote watatu. Vijana wa pale walikuwa wamekaa juu ya magogo wakitusubiri kwa hamu ya kutucheka.

"Oya, madaktari wa TV wamefika!"

"Sista, hiyo mashine ulivyoipaka poda ndiyo imeanza kuringa."

Vumilia uso umemwiva. Fundi akaingia nyuma ya skrini, mimi na kioo changu mbele. Akatafuta karibu nusu siku. Alipima umeme, alipima kamera, alifika hadi kwenye meno ya msumeno. Vumbi la mbao lilikuwa linaganda kwenye kioo na nilikuwa nalifuta kwa kiwiko. Gogo likawekwa, likaondolewa, likawekwa. Nikawa nautazama ule mstari. Wenyewe ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote, kwenye mkwaruzo ambao waendeshaji waliuchora zamani kwenye fremu. Ila gogo, ambalo nililiona kwa jicho limekaa katikati ya reli, kwenye skrini halikuwa katikati. Lilikuwa limesogea kulia, upana wa kidole.

Nikasema, "Picha imesogea. Mstari haujasogea."

Fundi akainua kichwa. "Sema tena."

"Mmenoa picha, imechelewa. Mstari unachorwa na skrini yenyewe, haukupita kwenye kunoa. Umewahi. Wanakata upande mmoja, wanageuza gogo, wanakata wa pili, kosa linaingia mara mbili."

Hata wale vijana walishuka kwenye magogo. Ni kosa ambalo mtu wa nje hawezi kulifanya. Unalifanya ukiwa fundi uliyeipenda picha mpaka ukasahau kilichopachikwa juu yake. Fundi alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na nikafikiri: sasa. Sasa atasema njoo huku nyuma.

Akampa Vumilia waya wa skopu. "Mcheleweshe mstari," akamwambia.

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, miwani ikapanda kwenye paji, akamwangalia. Vumilia akauchelewesha mstari mpaka ukalala kwenye gogo. Boriti ya kwanza ikatoka sawa, wakapiga miluzi. Mwenye kiwanda akamshika Vumilia mkono kwa mikono miwili. Fundi akasema, "Huyu binti ana mkono." Nami nikasimama pale na kioo kilichojaa vumbi, na njia nzima ya kurudi Mbeya nilikaa kiti cha nyuma kabisa.

Chumba cha nane kwenye fomu kinahusu jambo lile lile. Kupanga muda wa picha na maandishi. Sasa unaelewa kwa nini kitambaa kiliruka.

Jioni ya Jumatano ile mume wangu alirudi na bajaji yake kutoka Iyunga, habari zimeshamfikia stendi.

"Mama Atu, unagombania yule mzee na yule binti?"

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Wanasema una wivu."

"Ninao."

Akakaa kitako. Nikamwambia, "Baba Atu, yule mzee simtaki. Nataka mikono yake. Nataka akae nyuma yangu aniangalie nikifanya kazi."

"Ukisema hivyo kwa watu ndiyo watazidi."

"Basi wazidi."

Alikula ugali wake. Halafu akasema, "Mimi wa bajaji nilipimwa na askari mara moja tu, barabarani, dakika kumi. Hakunipenda, hakunichukia. Aliniangalia tu." Hilo sijalisahau.

Kesho yake nikaenda ofisi ya kata. Mtendaji ni mama wa makamo, mkarimu, akafunga mlango na kushusha sauti.

"Mwanangu, huyo mzee amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu chochote. Ndiyo nimekuja kulalamika."

"Usiogope. Kuna dawati la jinsia, tutakusindikiza."

"Mama, hajanigusa. Hajanitukana. Ananipa uji."

Akaweka kalamu chini. "Sasa niandike nini?"

Hata mimi sikujua. Niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa matusi: kwamba anapendelea, kwamba Vumilia apokonywe saini zake, kwamba Fundi afungiwe karakana. Nikaomba siku chache nikafikiri. Akaniambia mlango uko wazi.

Fundi alikuja nyumbani Jumapili. Alimwambia jirani yangu kwamba atafika saa nane, akafika saa kumi na nusu, na suti ya kwaya. Atu alimkimbilia, akamnyanyua. Nikamletea kiti, nikamletea chai. Hasira siyo sababu ya kukosa adabu.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Umeniita jina langu siku ile. Nilidhani kuna mgeni."

Sikucheka, ingawa nilitaka.

Akasema, "Nimesikia unataka kunishitaki. Andika. Ila usiandike kwamba hujui kazi. Unaijua. Nyololo nilikusikia."

"Basi saini."

"Nilikusikia. Sikukuona."

"Utaniona lini, Fundi? Kila nikisogea unasema mtoto. Hunioni kwa sababu hutaki nifanye, na husaini kwa sababu hujaniona. Nitokee wapi hapo?"

Akazungusha kikombe. Atu alikuwa amekaa juu ya kiatu chake.

"Nikikuona umeshika kile kifuniko," akasema, "sitakuwa naangalia mkono wako. Nitakuwa namwona huyu. Siwezi kupima mtu namna hiyo. Ningesaini kwa hofu au ningekukatalia kwa hofu. Ndiyo maana sikuangalia."

"Na Vumilia je?"

"Vumilia hana anayemsubiri."

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimemchukia yule binti karibu miezi minane kwa sababu ya stuli. "Vumilia ana mama yake Iringa," nikasema. "Anampigia simu kila siku ya Mungu. Una maana yeye akirushwa na umeme ni sawa?"

Alimtazama Atu pale chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. Alimaliza chai, akamshusha Atu polepole, akasema "Ndaga" kwa ajili ya chai, akaondoka. Hakuniahidi kitu. Naye kama hana hakika ya jambo haliahidi, kwa hilo namsifu.

Jumatatu asubuhi nilirudi kwa Mtendaji. Nikaandika mwenyewe, kwa kalamu yake, yeye akanirekebishia anwani na kugonga muhuri. Hii ndiyo barua iliyokwenda chuoni, neno kwa neno:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAINI MBILI

Mimi ni mwanafunzi wa kazi wa Fundi aliyetajwa kwenye fomu niliyoambatanisha, mkazi wa Ilomba, mama wa mtoto mmoja.

Simlalamikii kwa kunitukana, kwa kunidhulumu, wala kwa jambo lolote la aibu. Hajafanya hayo. Wala silalamikii saini za mwenzangu Vumilia. Alizifanyia kazi na ninaomba zisiguswe.

Namlalamikia kwamba kwa muda wote tangu nilipokuwa mjamzito mpaka leo hajaniruhusu kufanya kazi ya umeme mkubwa wala ya skopu mbele yake, kisha amekataa kusaini kwa maelezo kwamba hajaniona nikizifanya. Sababu aliyonipa ni kwamba mimi ni mama. Kwenye fomu yenu nimesoma masharti yote, hakuna sharti hilo.

Siombi aadhibiwe. Siombi asaini kwa kulazimishwa, maana hatasaini, na akisaini hivyo mimi mwenyewe sitaitaka saini yake. Siombi nipewe fundi mwingine wa kunipima. Wengine wote watapima kazi yangu kwa kipimo kidogo kuliko chake.

Ninachoomba ni hiki. Mtakapokuja kufanya tathmini, Fundi aagizwe afike kwa wakati, apewe kiti, akae nyuma yangu, na aniangalie mpaka nimalize. Nikikosea, achore mstari wake. Lakini aangalie mikono yangu.